Mbio za farasi ukiwa huku Mbeya: maswali yale yale ninayoulizwa kila siku

Nimechoka kujibu mtu mmoja mmoja, leo kijiweni, kesho msibani, keshokutwa nipo kwenye kosta ya Tukuyu jirani kaona video kwenye simu yangu anaanza upya, kwahiyo nimeyaweka yote hapa. Kama jibu lako lipo kwenye swali lingine nitakwambia nenda kasome huko, sirudii.

## Kwanza kabisa

Hivi kweli kuna mtu wa Mbeya anafuatilia mbio za farasi?

Wapo. Sio wengi, tusidanganyane, ninaowajua mimi kuanzia Uyole mpaka Mafinga hawajazi hiace moja, na hakuna hata mmoja wetu aliyekulia kwenye nyumba yenye farasi. Mmoja ni fundi pikipiki, mwingine anapeleka viazi Dar, alafu kuna mama mmoja alikuwa mwalimu Njombe sasa kastaafu, huyo ndio anajua kuliko sisi wote, tukibishana tunampigia simu.

Mtu anaanzaje kupenda kitu ambacho hajawahi kukiona kwa macho?

Hili ndio swali lenyewe na watu wanaliuliza kama vile ni maajabu. Sasa jiulize, hapa Mbeya mashabiki wangapi wa Simba na Yanga wamewahi kukanyaga uwanja wa Mkapa? Wamerithi kwa mjomba, kwa redio, kwa kaka aliyekuwa anapiga kelele sebuleni. Kwenye farasi huku kwetu hakuna wa kumrithi, kwahiyo lazima uingie kwa mlango mwingine.

Milango mimi naona ni miwili. Wa kwanza ni duka la kubeti, na wengi wanaoingilia huko hawakai, hela ikiisha na mapenzi yameisha. Wa pili ni jina. Yaani farasi mmoja, ana jina, ana historia, unamjua kama unavyomjua mchezaji wako. Bila hivyo mbio ni vumbi na watu wadogo wadogo wenye jezi za rangi, dakika mbili zimeisha hujui hata kilichotokea. Ukishakuwa na wako mmoja, zile dakika mbili unaweza kusahau kuvuta pumzi.

Yule mama mwalimu wake ni Haru Urara, farasi jike wa Japani, wa mji wa Kochi. Kajulikana nchi nzima mwaka 2003 kwa sababu ya kushindwa tu. Amekimbia mbio 113 na hajashinda hata moja. Machi 2004 wakampa joki (yaani mpanda farasi) maarufu kuliko wote kule, Yutaka Take, watu wakajaa uwanjani, akamaliza wa 10 kati ya farasi 11. Na watu walikuwa wananunua tiketi za kumbetia wanazitunza kama hirizi ya kukinga ajali za gari, maana Kijapani tiketi ikishinda wanasema imegonga, sasa huyu hajawahi kugonga. Nilimuuliza mama mbona na farasi wote walioshinda duniani unampenda huyo? Akanijibu, "Mwanangu, darasani kwangu nilikuwa nao wengi wa hivyo, na walikuwa wanakuja shule kila siku."

Na wewe ulianzaje?

Jumanne ya tarehe 3 Novemba 2015, kama saa 1 asubuhi, kibanda cha chai Uyole. Uchaguzi ndio umeisha, Alhamisi yake rais anaapishwa, sote tumekodoa macho kwenye tivii tunasubiri habari, lakini dishi la mwenye kibanda lilikuwa limeganda kwenye chaneli ya michezo ya nje na rimoti haionekani. Watu wakaanza, "toa hayo mafarasi bwana." Anatafuta chini ya benchi, anatafuta kwenye beseni la maandazi, huku nyuma Melbourne Cup ya Australia imeanza, farasi 24, mita 3200.

Akashinda farasi ambaye hakuna aliyemhesabu, Prince of Penzance, odi yake 100 kwa 1, yaani ukibeti shilingi moja akishinda unapata faida ya mia. Mama wa chai akasimama na birika mkononi akauliza, "Yule aliyempanda si ni binti?" Alikuwa binti kweli. Michelle Payne, mwanamke wa kwanza kushinda hiyo mbio tangu ianze mwaka 1861. Nikaingia kwenye simu pale pale, bando la mia tano likaishia hapo. Wamezaliwa kumi yeye ndio wa mwisho, mama yao alifariki kwa ajali ya gari Michelle akiwa mchanga, mwaka 2004 alianguka mbioni akapasuka fuvu, na aliyekuwa anamtunza farasi bandani ni kaka yake Stevie, ambaye ana ulemavu wa Down. Rimoti ilipatikana. Mwenye kibanda akaishika tu, hakubadilisha.

Si ni mchezo wa matajiri?

Kumiliki, ndio. Kupenda, hapana.

Chukua Red Rum, ndio jina kubwa kuliko yote kwenye Grand National ya Uingereza, inakimbiwa Aintree, Liverpool. Kocha wake Ginger McCain alikuwa dereva teksi na muuza magari, banda la farasi lilikuwa nyuma ya duka lake la magari mjini Southport. Farasi mwenyewe alikuwa na ugonjwa wa mifupa ya mguu, McCain akawa anamkimbiza ufukweni kwenye mchanga na maji ya chumvi, miguu ikakaa sawa. Akashinda 1973, 1974, akawa wa pili 1975 na 1976, watu wakasema kazeeka sasa, akashinda tena 1977. Kafa 1995, wamemzika pale pale Aintree kwenye mstari wa kumalizia. Fundi pikipiki wetu alianzia kwa huyu, anasema mtu wa magereji akishinda na yeye kashinda.

Lazima nibeti?

Hapana. Ruka mpaka sehemu ya hela.

## Kuangalia

Naangalia wapi na saa ngapi?

Wengi wetu ni simu tu, yutyubu, mbio kubwa zinawekwa muda mfupi baada ya kuisha na mbio yenyewe dakika chache tu, haili bando kama mechi. Kwa wanaotaka laivu, saa zetu za huku ni hivi. Melbourne Cup ni Jumanne ya kwanza ya Novemba, saa 1 asubuhi, muda wa chai, ndio maana kwetu ina heshima yake. Grand National ni Jumamosi mwezi wa 4, tangu 2024 inaanza saa 12 jioni ya huku. Durban July ya Afrika Kusini ni Jumamosi ya kwanza ya Julai, mita 2200 pale Greyville, wao wako nyuma yetu saa moja tu kwahiyo ni jioni ya kawaida, ila Julai ya Mbeya unaijua, kaa karibu na jiko la mkaa. Dubai World Cup ni mwisho wa Machi au mwanzoni mwa Aprili, usiku.

Kentucky Derby ya Marekani ndio mateso. Jumamosi ya kwanza ya Mei kwao, kwetu inakuwa karibu saa 8 usiku kuamkia Jumapili. Mimi naamka, wenzangu wanaangalia asubuhi wakitoka kanisani na wananikataza nisiseme aliyeshinda.

Nikiangalia naona vurugu tu, nitazame nini?

Usitazame wote. Chagua rangi ya jezi ya joki mmoja kabla hawajaachiwa, ishike kichwani, fuata hiyo mpaka mwisho. Rangi ni za mwenye farasi sio za joki, kwahiyo tajiri mmoja akiwa na farasi wawili wanaweza kufanana, hapo angalia kofia.

Pili, usidanganyike na anayeongoza mwanzo. Farasi wa mbio anaenda zaidi ya kilometa 60 kwa saa, lakini hawezi kushika hiyo spidi njia nzima, kazi ya joki ni kumbania nguvu za mwisho. Akiwa katikati ya kundi anakingwa upepo, ila anaweza kufungiwa njia, kama lori mbele yako mlima Kitonga huna pa kuovateki. Raha yote iko pale kona ya mwisho, nani kapata upenyo.

Mkisikia mtangazaji anasema kashinda kwa urefu mbili, ni urefu wa mwili wa farasi, mmoja ni kama mita 2 na nusu. Mwaka 1973 farasi Secretariat alishinda Belmont Stakes ya Marekani kwa urefu 31, dakika 2 na sekunde 24 kwa mita 2400, na muda huo kwenye mbio ile haujavunjwa mpaka leo. Itafute hiyo video. Kamera ilibidi ivutwe nyuma sana ili wa pili aonekane.

Kwanini kuna zingine wanaruka uzio na zingine hawaruki?

Ni mbio mbili tofauti. Za tambarare ni fupi na kali, farasi wengi wadogo wa miaka 2, 3, 4. Za kuruka ni ndefu, farasi wakubwa, Grand National peke yake inakaribia kilometa 7 na vizuizi 30. Mtu wa tambarare na mtu wa kuruka wanabishana kama wa Simba na wa Yanga, mimi niko tambarare, ya kuruka naangalia kwa vidole vilivyoachana.

Nimesikia farasi bora anaongezewa mzigo, si uonevu huo?

Wala. Baadhi ya mbio ziko hivyo makusudi, Melbourne Cup, Grand National na Durban July zote. Aliyefanya vizuri huko nyuma anabebeshwa uzito zaidi chini ya tandiko ili wa kawaida nao wapate nafasi. Ndio inakuletea maajabu kama ya Prince of Penzance. Lakini mbio kama Kentucky Derby au Derby ya Epsom ya Uingereza, iliyoanza 1780, ni za farasi wa miaka 3 tu na madume wote wanabeba sawa, pale unapimwa ubora wenyewe.

Nianze na farasi gani?

Usianze na anayeshinda kila siku. Hayo ni maoni yangu na yule mpeleka viazi anakataa, yeye kaanza na Frankel wa Uingereza aliyekimbia 14 na kushinda zote 14 kisha akastaafu 2012, ananiambia mbona wewe unapenda taabu. Lakini nimeona wanaoanza na asiyeshindwa wanaondoka siku akistaafu. Tafuta anayekimbia sasa hivi, wa katikati, jina lake limekukaa mdomoni, mfuatilie miezi sita. Akishinda siku moja utanielewa.

## Farasi wenyewe

Mbona huku kwetu punda wapo wengi ila farasi hakuna?

Magonjwa. Kuna ndorobo anayeleta nagana, na kuna ugonjwa wa farasi wa Afrika, huo unasambazwa na vijidudu vidogo kuliko mbu vinavyouma usiku, farasi asiye na chanjo akiupata mara nyingi harudi. Pundamilia anaubeba na haumwi. Punda naye ni mgumu kuliko farasi, na mtu wa Wanging'ombe akiwa na hela ya mnyama wa kubeba mahindi kwanini anunue farasi wa kumlea kama mtoto? Nyanda za juu afadhali kidogo sababu ya baridi, ndio maana wale wachache walioletwa na walowezi walikaa mashamba ya huku milimani.

Nataka kumuona wa kweli, niende wapi?

Wa kupanda tu, Mufindi kwenye mashamba ya chai wapo, wageni wanapanda. Mimi nilienda nikamgusa shingo, nikashangaa alivyo wa moto, na ile baridi ya Mufindi alikuwa anatoa mvuke kama sufuria.

Wa mashindano, karibu kabisa ni Nairobi, uwanja wa Ngong, uko barabara ya Ngong hukohuko. Ulifunguliwa 1954 na mbio zinakuwa Jumapili, ila sio kila Jumapili, angalia ratiba yao kwanza, kuna mwenzetu alisafiri siku mbili kwa basi kupitia Namanga akakuta nyasi na walinzi. Alikaa Nairobi wiki nzima kwa shemeji yake akisubiri Jumapili nyingine.

Mbona majina yao ya ajabu hivyo?

Jina halizidi herufi 18 ukihesabu na nafasi, na majina ya mabingwa wakubwa hayatumiki tena, kwahiyo watu wanaishia kuunganisha jina la baba na la mama na utani. Cha kuchekesha zaidi ni birthday: wote wa kaskazini ya dunia wanahesabiwa wamezaliwa tarehe 1 Januari, wa Australia na Afrika Kusini 1 Agosti. Ukizaliwa Kentucky tarehe 31 Desemba, kesho yake una mwaka mmoja.

Na mwingine, ng'ombe huku tunawahimilisha tumeshazoea, farasi hawa wa mbio hairuhusiwi kabisa, lazima dume na jike wakutane wenyewe. Ndio maana dume bingwa akistaafu anakuwa ghali kuliko alipokuwa anakimbia.

Mbio za punda je, zinahesabika?

Kwangu zinahesabika. Lamu wanakimbiza punda kwenye sherehe zao na vijana wanaheshimika kwa hilo mtaani. Punda lakini ana maamuzi yake, anaweza kusimama katikati ya mbio akatafakari. Ukizipenda hizo, za farasi zitakuwa rahisi kwako.

## Mambo ya hela

Wale farasi wa kwenye skrini dukani Mwanjelwa, zile si mbio?

Sio mbio. Ile ni kompyuta, hakuna farasi popote, programu inachagua namba kwa bahati na kuchora picha, kila baada ya dakika chache nyingine. Hakuna fomu (yaani matokeo ya mbio zake za karibuni), hakuna joki, hakuna historia ya kusoma, na hesabu imepangwa duka libaki na chake. Wale vijana wanaokaa wanaandika "namba 4 hajatoka muda mrefu" wanaandika hewa, namba 4 hajui kama hajatoka. Nakasirika hapa kidogo maana hili ndio limefanya watu wengi huku waamini farasi ni kamari tu.

Anayepewa nafasi kubwa si ndio anashinda?

Kwa makadirio ya kawaida kabisa, mara moja katika tatu hivi. Mara mbili anashinda mwingine. Na Kentucky Derby ya 2022 alishinda Rich Strike kwa odi 80 kwa 1, aliingia mbioni siku moja kabla baada ya mwingine kutolewa. Sasa we chana mkeka wako kwa amani.

Kuna mtu wasap ananiuzia mkeka wa farasi wa uhakika, nilipe?

Usilipe. Angekuwa na uhakika angekopa hela abeti mwenyewe, asingehangaika na elfu tano yako.

Naweza kuwa shabiki bila kubeti hata mia?

Nusu yetu hatubeti. Na nenda Dubai, mbio yao kubwa iliyoanza 1996 ina zawadi ya mamilioni ya dola, jukwaa limejaa, na pale uwanjani hakuna kubeti, kuna shindano la bure la kubashiri. Sisi kijiweni aliyekosea kabisa ananunua chai. Kama unabeti, uwe na miaka 18, hela ya ada ya mtoto isiguswe, na siku ukiona huangalii mbio unaangalia odi, pumzika.

## Yale magumu

Mimi mlokole / mimi Muislamu, inaruhusiwa?

Mimi sio mchungaji wala sheikh. Ila ninachoona wenzetu wanafanya: kwenye Uislamu kushindanisha farasi kunajulikana tangu enzi za Mtume, kilichokatazwa ni kamari, na wapo Waislamu kijiweni wanaangalia bila shilingi. Yule mama mwalimu anaimba kwaya kabisa. Mchungaji wake alipomuuliza akamuonyesha video ya Haru Urara, mchungaji akaitumia kwenye mahubiri.

Farasi wanaanguka na kufa, huoni ni ukatili?

Naona. Sitakudanganya kwamba hawafi, wanakufa, hasa za kuruka, mguu ukivunjika vibaya kwa mnyama wa kilo karibu 500 mara nyingi haponi. Grand National 2024 wamepunguza farasi kutoka 40 kuwa 34 na kusogeza kizuizi cha kwanza karibu ili wasikifikie kwa spidi kubwa, na fimbo za joki zina kikomo nchi nyingi. Inatosha? Mwenzetu mmoja wa Iringa aliona farasi wake akifunikwa turubai, akaacha, mpaka leo haangalii, na hakuna aliyemcheka. Mimi nimebaki, ila nimeshasema za kuruka naangalia kwa vidole.

Farasi wangu kastaafu, nifanyeje?

Subiri watoto. Ndio utamu ambao mpira hauna, baba akiondoka miaka mitatu minne mbele unaona jina lake chini ya jina la mtoto. Mpeleka viazi sasa hivi anashabikia watoto wa Frankel, anawaita wajukuu.

Mwanangu mwepesi sana, anaweza kuwa joki?

Wepesi peke yake hautoshi. Kwenye Kentucky Derby dume anabeba kilo 57, joki na tandiko pamoja, kwahiyo mtu mwenyewe anatakiwa awe kilo hamsini na kidogo lakini mwenye mapaja na mgongo wa chuma, maana wanakimbia wamechuchumaa hawajakaa. Na mtoto wa miaka 10 hujui atarefuka vipi, mtoto wa dada yangu alikuwa kama kijiti sasa anagonga kichwa mlangoni. Kama ana nia kweli aanze kupanda kwanza, akikua Afrika Kusini kuna chuo cha majoki Summerveld, nje ya Durban.

Nyumbani wananiona nimechanganyikiwa.

Wa kwangu pia. Mke wangu alinivumilia miaka miwili, alafu siku moja nikamkuta anaangalia marudio peke yake huku anamenya viazi, ananiuliza "huyu mwenye kofia ya njano alifanikiwa?" Usilazimishe mtu, acha simu mezani.

Naweza kuja kijiweni kwenu?

Njoo Jumanne ya kwanza ya Novemba, Uyole, kibanda kile kile. Ufike saa 12 na nusu asubuhi maana mabenchi ni mawili tu, na usikae karibu na tivii kama hujashika rimoti, mwenye kibanda bado anaipoteza.